Mgawo wa kivuli Dar es Salaam

Saa tano asubuhi Mtaa wa Kongo, Kariakoo, una kivuli upande mmoja tu, ule wa mashariki, na wachuuzi wenye uzoefu wameshahamia huko. Wamebanana chini ya maghorofa, meza kwa meza: soksi, chaja za simu, madera, vikombe vya plastiki, mabegi ya shule. Upande wa pili wamebaki waliochelewa. Mmoja wao anauza viatu vya watoto akiwa amejitanda khanga kichwani hadi mabegani, na kila baada ya muda anavigeuza viatu vyake, maana gundi ikishika moto soli zinaachia.

Ni Februari, kilele cha joto Dar es Salaam. Mchana kipimo hufika nyuzi 32 au 33, namba ambazo mtu wa Khartoum angezisoma bila kushtuka. Lakini hapa hewa imebeba unyevu wa bahari, na jasho halikauki. Linatiririka tu. Jasho lisilokauka halipozi mwili, ndiyo maana karibu kila mwanamume mtaani ana taulo dogo shingoni na kila mwanamke ana leso mkononi. Kijana anapita na ndoo ya chupa zilizolala kwenye mabonge ya barafu. "Maji baridi, maji baridi, maji!" Hasimami. Wateja wanamfuata, wanalipa wakitembea, wanakunywa wakitembea.

Nimekuja kutembea katika joto hili kutoka Kariakoo hadi baharini, kisha nirudi uswahilini, nikifuata kivuli: nani anacho, kilitoka wapi, nani amekipoteza.

Ukiinua macho Kariakoo unaona viyoyozi. Vimepangwa ukutani ghorofa juu ya ghorofa, vinadondosha maji na kuunguruma. Ndani ya duka kumepoa kwa sababu joto la ndani limesukumwa nje, na nje ni hapa, kwenye utosi wa mchuuzi. Upepo unaotoka kwenye vyuma vile ni mkavu na una harufu ya vumbi lililoungua. Chini yake, wasukuma mikokoteni wawili wamesimamisha mzigo wa mabelo mbele ya duka la vitambaa, pale ambapo baridi inavuja mlango unapofunguliwa. Hawaingii. Wanasimama kizingitini, mgongo kwa mlango, mashati yamewaganda. Mlinzi anawaacha wapumue, kisha anawaashiria kwa kidevu, nao wanashika tena mikono ya mkokoteni.

Maghorofa haya ni mageni kwa umri wa mji. Waliokua hapa wanakumbuka Kariakoo ya nyumba za Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, baraza mbele, uani nyuma pamoja na jiko, kisima na mti. Mtaa wa pili kutoka hapo imebaki moja. Ukuta wa udongo na fito umepakwa lipu, bati limekula kutu, na pande zote mbili zimeinuka nyumba za ghorofa nane au tisa. Mwarobaini wa uani unachungulia juu ya paa. Nilimwamkia mzee aliyekaa barazani kwenye kiti cha kamba, akanipisha nikae. Baraza lilikuwa la saruji, baridi mapajani. Nilimuuliza kama joto la sasa ni lilelile la utotoni mwake.

"Kaskazi ilikuwa inafika hapa," akasema. "Saa nane mchana ilikuwa inapiga khanga kwenye kamba mpaka zinajikunja. Sasa inaishia kule," akaonyesha kwa mkono upande wa bahari, ambako hakuna bahari inayoonekana, ila ukuta wa bluu wenye viyoyozi.

Kaskazi bado inavuma, kuanzia Desemba hadi Machi, kama ilivyovuma enzi za majahazi. Ila upepo unahitaji njia, na njia za Kariakoo zimezibwa moja moja, kila mwenye kiwanja akijenga hadi mpakani. Siwalaumu wenye viwanja. Mji huu ulikuwa na watu wasiofika 300,000 katika sensa ya 1967. Ile ya 2022 iliukuta mkoa mzima na zaidi ya milioni 5.3. Watu hao wote walihitaji pa kulala na pa kuuzia. Ninachosema ni kwamba mti na upepo havikuwekwa kwenye hesabu ya ujenzi na mtu yeyote, kwa sababu havikuwahi kulipiwa.

Ikafika saa sita na nusu. Katika majuma haya jua la Dar es Salaam hupita karibu wima juu ya utosi, na kivuli cha mtu hujikunja chini ya nyayo zake. Mtaa wa Kongo haukuwa tena na upande mzuri. Miavuli ikafunguliwa. Paka mwenye mabaka alikuwa amelala kwenye mfuniko wa chemba chini ya gari lililoegeshwa, ubavu wake ukipanda na kushuka haraka. Uchochoroni, kuku wa kienyeji wa mama lishe walisimama mabawa yameachana na kiwiliwili, midomo wazi. Kuku hana jasho, hupoza damu yake kwa kuhema. Kunguru nao vivyo hivyo. Juu ya waya za umeme walijipanga wale wa shingo ya kijivu, ambao wazee wao waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wale taka, wakavuka bahari na kuuteka mwambao. Siku nyingine hawanyamazi. Saa hii walikuwa wameachama, kimya, wakitazama chini.

Soko kuu lina jibu lake la zamani kwa jua hili. Jengo hilo, lililobuniwa na msanifu Mtanzania na kufunguliwa katikati ya miaka ya 1970, limeezekwa kwa miavuli mikubwa ya zege iliyopanuka juu na kukusanyika chini kwenye nguzo, ili itoe kivuli, ipitishe hewa na kuteremsha maji ya mvua. Nilisimama nikitazama ukubwa wake. Nguzo moja inabeba kivuli cha kutosha biashara kadhaa. Aliyechora alijua yuko nchi gani. Majengo ya vioo yaliyolizunguka yangeweza kuwa mahali popote duniani penye umeme wa uhakika.

Kutoka hapo hadi Mnazi Mmoja ni mwendo mfupi, lakini ngozi inatambua. Unavuka barabara, lami inalainika chini ya soli, halafu ghafla kuna majani. Chini ya kila mti kuna watu. Wanafunzi wenye sare wanagawana mihogo. Wapiga debe wawili wamelala mikono usoni. Mwanamke amemtandikia mtoto kitenge na kumpepea kwa kipande cha boksi, polepole, bila kukitazama kipande wala mtoto. Kivuli kilipokwisha, watu walikwisha. Kati ya mti na mti nyasi zilikuwa tupu na za njano. Ramani ya viumbe wa Mnazi Mmoja saa saba mchana ni ramani ya matawi yake.

Uwanja huu haukuachwa wazi kwa ajili ya kupunga hewa. Wajerumani, walioifanya Dar es Salaam makao ya koloni lao mwaka 1891, waligawa mji kwa madaraja ya ujenzi, na Waingereza waliowafuata wakaukaza mgawanyo huo. Uzunguni kukawa karibu na bahari, nyumba moja katikati ya kiwanja kipana. Uhindini, maduka na maghorofa yaliyogusana. Waafrika wakapimiwa Kariakoo, viwanja vidogo, mistari imenyooka. Mnazi Mmoja ulikuwa utepe wa kutenga, ili Mwafrika awe huku na wengine wawe kule. Miti ikafuata viwanja. Mwembe unataka nafasi ya kunyoosha mizizi, na mwenye nafasi ndiye aliyeotesha. Mipaka ile ya rangi ilifutwa kisheria zamani, lakini kivuli chake kimebaki palepale kilipopandwa.

Niliendelea kushuka hadi Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribu mazao na miti ya kigeni. Imepunguzwa mno, lakini miti iliyobaki ni mikubwa ya kutisha. Shina moja lingehitaji watu wanne kulikumbatia. Hewa chini yake ina harufu ya udongo mbichi na majani yanayooza, harufu ambayo sikuisikia popote tangu asubuhi. Mti mkubwa haukingi jua tu. Unavuta maji ardhini, unayapandisha hadi kwenye majani na kuyaachia hewani, na maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Kazi hiyo ndiyo anayoifanya mzee wa Kariakoo anaponyunyizia maji baraza lake jioni. Mti unaifanya mchana kutwa. Nilikaa mpaka shati likakauka mgongoni.

Feri haikunipa nafasi ya kukauka tena. Soko la samaki saa nane lina sakafu yenye maji, magamba na damu nyepesi, na sauti kubwa kuliko zote ni ya barafu: inapasuliwa kwa vyuma, inamwagwa, inakokotwa kwenye masanduku. Muuza changu mmoja aliniambia kwamba mwezi huu hununua barafu mara mbili kwa siku. Faida yake, akasema, inageuka maji mbele ya macho yake na kuingia mtaroni. Wanaochukua samaki kwa baiskeli kupeleka mitaani huwafunika kwa magunia yaliyoloweshwa na kukimbizana na jua.

Bahari yenyewe imepata joto. Sehemu hii ya magharibi ya Bahari ya Hindi imepanda kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu mwanzo wa karne ya 20. Kwa mwogaji si kitu. Kwa matumbawe ni kitu kikubwa: mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi kwa majuma kadhaa, matumbawe ya mwambao wa Tanzania yalipauka, meupe kabisa, na mengi yakafa. Samaki wengi wanaouzwa hapa hujificha, huzaa na hula kwenye matumbawe hayo. Mvuvi mzee aliyekuwa akishona wavu kando ya ngazi hakuzungumzia nyuzi. Alisema kuna miamba aliyoijua kwa rangi zake alipokuwa kijana, na sasa anaijua kwa kina tu.

Nikafuata barabara ya bahari kuelekea kaskazini. Upepo hapa ni mali. Hospitali ya zamani ya Wajerumani, iliyokamilika mwaka 1897, imesimama na varanda zake pana na dari za juu, ikiupokea upepo kwa kila mlango. Mbele zaidi, Msimbazi unapoingia baharini kwenye Daraja la Selander, ipo mikoko, hasa michu, mizizi yake ya kupumulia imechomoza kwenye tope kwa maelfu. Harufu ni ya matope na mayai yaliyooza. Korongo weupe wamesimama kati ya chupa za plastiki. Mto unaofika hapa umepita mabonde ambako wakulima humwagilia mchicha na matembele, asubuhi na jioni, kwa sababu mchicha wa Februari ukikosa maji siku moja hulala. Umepita pia mitaa ambayo haina tena udongo wazi. Watu wanaweka pevingi uani ili waepuke tope na vumbi, na ninaielewa haja hiyo, nimeishi nayo. Ila ardhi iliyofunikwa hainywi maji wakati wa masika wala haiyatoi wakati wa kiangazi. Nyumba inayofurika Aprili na nyumba isiyolalika Februari mara nyingi ni nyumba moja.

Oysterbay nilifika kwa bajaji, na naweza kueleza pale joto lilipobadilika: mkono niliouning'iniza nje ulipata baridi tulipokata kona ya kwanza yenye mikungu pande zote. Majani mekundu ya mikungu yalikuwa yametapakaa barabarani. Kulikuwa na mibuyu ambayo ni mikongwe kuliko mji wenyewe, ukuta wa nyumba moja umepindishwa ili kuuzunguka mmojawapo. Nilisikia ndege wadogo, chozi na tetere, kwa mara ya kwanza siku ile. Kuta ni ndefu na mageti ni ya chuma. Kivuli kinatokea ndani, kinamwagika juu ya ukuta na kuanguka njiani, na hapo ndipo wanapokaa walinzi, watunza bustani na wauza madafu.

Mlinzi mmoja alinipisha kwenye benchi lake la mbao. Anafanya zamu ya mchana na anakaa Tandale. "Kaka, mimi usingizi wangu ni hapa," akasema, akionyesha mti na si benchi. "Bosi akitoka, nalala dakika ishirini. Nyumbani saa saba usiku bado tuko nje." Tulikubaliana kwamba zamu yake ikiisha nitafuatana naye.

Tulitembea hadi Barabara ya Bagamoyo, tukapita wauza miche waliojipanga kandokando na mimea yao kwenye vifuko vyeusi na makopo ya rangi. Nilimuuliza mmoja wao, kijana mwenye mpira wa maji mkononi, nini kinatoka sana. Mashoki, akasema, na michikichi ya mapambo. Watu wanataka mti mwembamba, usioangusha majani, usiopasua ukuta. Miembe inaulizwa na wenye viwanja vya mbali, Goba na Chanika huko. Mikungu? Akacheka. Mkungu unachafua. Mche wake mmoja ulikuwa nyuma kabisa, umepita urefu wa kifuko, mizizi imetoboa chini na kuingia ardhini pale barabarani.

Kutoka mtaa wa mibuyu hadi Tandale ni kilomita chache. Tulipanda daladala iliyojaa, madirisha wazi, kila mtu akimwegemea mwenzake kwa jasho lake, tukamalizia kwa miguu. Giza lilikuwa limeingia. Nilitegemea nafuu na sikuipata. Njia ni upana wa mtu mmoja na nusu. Moshi wa mkaa, samaki wa kukaanga, maji ya sabuni. Watoto wamelala kwenye mikeka nje ya milango, wengine na nguo za shule bado. Niliweka kiganja kwenye ukuta wa nyumba anayopanga mlinzi. Saa tatu usiku ulikuwa bado wa moto. Tofali la saruji hufanya kazi ya chungu kilichoepuliwa: moto umezimwa, lakini kinaendelea kuiva ndani. Juu ni bati bila dari. Dirisha la chumba chake linatazama ukuta wa jirani, na kati yao haipiti hata mbuzi.

Mama mwenye nyumba alinieleza kwamba vyumba viwili vya nyuma vilikuwa mwembe. Ulikuwa mkubwa, watu wa mtaa mzima walikuwa wakisukana chini yake. Mumewe alipofariki aliukata na kujenga, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyosomesha watoto. Alilisema bila kujitetea. Sikuona cha kujitetea.

Katika kimoja cha vyumba hivyo anakaa msichana mwenye mtoto wa miezi minne. Mtoto amejaa harara shingoni na mgongoni. Mama yake anamwogesha mara tatu kwa siku na kumpaka unga wa muhogo. Kumlaza ndani ya chandarua ni kumfungia joto. Kumlaza nje ni kumpa mbu. Na mbu wa hapa si wa malaria peke yake. Yule anayeuma mchana na kuzaliana kwenye ndoo na madumu ya maji safi ndiye aliyeleta milipuko ya homa ya dengue jijini mwaka 2014 na 2019, na joto humfanya akue kwa siku chache zaidi. Kwa hiyo msichana anatumia feni, tangu saa mbili usiku mpaka alfajiri.

Feni hiyo ndiyo iliyoleta mkutano. Nyumba ina vyumba vinane na mita moja ya Luku, ya umeme wa kulipia kabla, na saa tatu na nusu uniti zilikwisha. Giza. Milango ikafunguliwa, tochi za simu zikawashwa, wapangaji wakakusanyika uani. Fundi viatu wa chumba cha tatu alisema ana taa moja na simu, na amechoka kuchangia sawa na watu wenye mafeni. Msichana akasema kilio cha mtoto si chake peke yake, akilia wote hawalali. Mwenye friji, anayeuza maji ya barafu na juisi, akajitolea kuongeza kabla hajaguswa. Walibishana kwa adabu, kwa vidole, mama mwenye nyumba akihesabu: friji sehemu nne, televisheni moja, feni mbili, taa nusu. Mlinzi, ambaye amenunua feni ndogo ya kuchaji wiki ile, akauliza kama nayo inahesabika.

"Unaichajia wapi?" mama akauliza.

"Hapahapa."

"Basi inahesabika."

Pesa zikatumwa kwa simu, tarakimu za Luku zikasomwa kwa sauti na kubonyezwa moja moja. Umeme uliporudi feni zilianza kuzunguka katika vyumba vitano. Vyumba vitatu havina.